Picha za kitabu zikipandishwa ukutani: niliyojifunza nikiwa msanii mgeni hapa Nairobi

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto. Nimefanya hii kazi hapa Nairobi miaka mingi, vitabu vya hadithi, vitabu vya darasani, mabango ya kliniki, kila kitu, na muda huo wote picha zangu zilikuwa zinaishi mahali pamoja tu, ndani ya kitabu, kwenye mapaja ya mtoto. Mwaka jana chuo kimoja hapa mjini kikaniita niwe msanii mgeni kwa muhula mmoja, yaani unapewa chumba cha kufanyia kazi, unakaa na wanafunzi wa sanaa, mnachora pamoja, alafu mwisho wa muhula unafanya maonyesho kwenye galari yao. Nikakubali hapo hapo. Nilichokuja kujua ni kwamba picha ya kitabu ikitolewa kitabuni haiendi ukutani vivi hivi, ukiipigilia msumari tu na kuondoka umeinyang'anya nusu ya kazi yake, na nayaandika haya kwa sababu najua kuna vijana wengi wanachora vitabu saa hii na kuna siku mtu atawaita pia.

Kitabu tulichochagua ni cha nyanya na mjukuu wake wanaotoka soko la Gikomba na jogoo, wanapanda matatu ya Buruburu, jogoo anafungua kamba na gari zima linachafuka. Ni kitabu cha kurasa 32. Vitabu vingi vya picha ni kurasa 24 au 32, na hiyo si bahati, ni manake karatasi kubwa ya mtamboni ikikunjwa inatoa kurasa nane au 16, kwa hivyo mchapishaji anahesabu kwa mafungu hayo na hadithi yako lazima iingie humo. Ukitoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki na zile za mbele na nyuma, unabaki na picha kama 14 zinazokaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana.

Sasa siku ya kuzitandaza sakafuni na wanafunzi, kila mtu aliona kitu kimoja. Mbona juu kuko tupu? Kijana mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hizi zilikuwa bado hazijaisha?" Zimeisha kabisa. Pale juu ni pa maneno. Ukichora kitabu unaambiwa na mhariri hapa patakaa mistari minne, kwa hivyo unaacha mbingu, ama unaacha ukuta wa nyumba, ama lami ya barabara, ukubwa wa mistari minne, na kwenye kitabu hakuna mtu anayeona kwamba ni nafasi iliyoachwa kwa sababu maneno yako hapo yamekaa. Tena pale katikati kuna mshono wa kitabu, unameza karibu kila kitu ukiweka hapo, kwa hivyo huweki uso wa mtu wala mkono unaoshika kitu, unasukuma watu kushoto na kulia. Tena pembeni kote unaacha milimita tatu za rangi zitakazokatwa na kisu cha mtamboni. Ukijumlisha hayo yote unapata picha iliyo tupu juu, tupu katikati, na watu wamesogea pembeni, na mtu asiyejua kazi ya vitabu akiiona kwenye fremu atadhani mchoraji hajui kupanga picha.

Nilipewa ushauri mwingi. Kuna aliyesema tukate na kadi ya fremu ile mbingu isionekane. Kuna aliyesema nichore kitu hapo, ndege hivi, mawingu. Nilikataa yote mawili, tena nilikataa kwa nguvu, kwa sababu ile nafasi ni sehemu ya kazi. Mchoraji wa kitabu anashiriki ukurasa na mwandishi, na kukaa kando umpishe mwenzako ni ufundi ambao unachukua miaka kuuweza. Kuuficha ni kama kuona haya juu ya kitu ambacho ungepaswa kukifundisha.

Kwa hivyo tukaamua maneno yarudi. Lakini si kwenye vile vikaratasi vidogo vilivyopigwa chapa vinavyobandikwa kando ya picha, vile mtoto hawezi kusoma na mtu mzima anainamia kama anasoma risiti. Nikaenda kutafuta fundi wa mabango, hawa wanaoandika kwa brashi ukutani, hoteli, kinyozi, duka la dawa, bei ya chapati na maharagwe. Nairobi bado wako ijapokuwa mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimewanyima kazi nyingi. Nikampata mzee mmoja ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, nikamwambia, mzee, nataka uniandikie hadithi nzima ukutani.

Nataka mjue venye huyu mzee anafanya kazi, manake wanafunzi wangu walisimama wakaacha hata simu zao. Anachukua uzi, anaupaka chaki ya unga, mwanafunzi mmoja anashika upande ule na mwingine upande huu, wanauvuta ukakaza, alafu yeye anaubana katikati na vidole viwili na kuuachilia, pap, mstari umekaa ukutani umenyooka kuliko rula. Anapiga wa pili chini yake, hizo ndizo kichwa na miguu ya herufi. Alafu anashika kijiti chenye kitambaa kimefungwa nchani, anakiegemeza ukutani, anaweka kifundo cha mkono juu yake na brashi haitetemeki hata kidogo. Na kabla hajaandika sentensi yoyote aliisoma yote kwa sauti. Kila moja. Tulipofika pale jogoo anapowika ndani ya gari akageuka akaniuliza, "Mama, huyu hapa anaongea tu ama anapiga kelele?" Nikamwambia anapiga kelele mpaka dereva anashtuka. Akafuta mstari aliokuwa amepiga, akapiga mwingine unaopanda, na kokoikooo ikaanza na herufi ndogo ikaenda ikikua mpaka o ya mwisho ikawa kubwa kama sahani. Hiyo haikuwa kwenye kitabu. Kwenye kitabu ni herufi za kompyuta tu zimekolezwa wino. Saa hii nimemwambia mhariri wangu toleo lijalo tutafute namna ya kuiweka.

Maneno yakakaa chini ya fremu, lakini tulihakikisha sentensi inaanzia chini ya ile nafasi tupu, kama nafasi iko kulia maneno yanaanzia kulia. Mtu hahitaji kuelezwa, jicho linaunganisha lenyewe.

Kitu cha pili, na hiki ndicho kilininyima usingizi zaidi, ni kugeuza ukurasa. Kitabu cha picha kinaendeshwa na mkono wa msomaji. Kuna ukurasa unaouliza na ukurasa unaojibu, na kati yao kuna karatasi inayoficha. Kwenye hadithi yetu kuna mahali kondakta anafungua mlango wa matatu, watu wote wanaangalia mbele wamefungua midomo, na huoni wanaangalia nini. Unageuza. Jogoo amesimama kwenye dashibodi mbele ya dereva mabawa yamefunguka. Watoto hucheka kila wakati hapo, hata wakiwa wanakijua kitabu. Sasa weka hizo picha mbili ukutani kando kwa kando, umebana nafasi ya mkono tu katikati, na mtoto akiingia mlangoni ameshaona jogoo kabla hajaona kondakta. Umekula utamu wote.

Ile galari ilikuwa na nguzo mbili nene za zege katikati, na nilisikia wasanii waliotangulia waliziona kero. Mimi nilizipenda sana. Tukapanga hadithi izunguke nguzo, ile picha ya mlango upande huu na ya jogoo upande wa nyuma, ukitaka kujua lazima utembee. Mwili wako ndio unageuza ukurasa. Kona za chumba nazo tukazitumia hivyo hivyo, hadithi haikukata kona bila sababu, kila kona ilikuwa ni mahali pa kushika pumzi. Ukipewa galari, kabla hujapima ukuta, tembea kwanza na dami yako mkononi, ile nakala ya majaribio ya kukunja na kushona mwenyewe, usome ukitembea, na uweke alama kila mahali ungependa mtu asione mbele.

Alafu kimo. Hapa tulivutana na dada anayesimamia galari, kwa upendo lakini tulivutana. Desturi ya galari nyingi ni katikati ya picha kuwa kama sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, manake ndipo macho ya mtu mzima hutua. Mtoto wa miaka sita ana urefu wa kama sentimita 115 hivi, macho yake yako chini zaidi, kwenye 105. Ukining'iniza kwa desturi anaona fremu ya chini na kioo kinachong'aa taa, basi. Yule dada alikuwa na hoja zake, ukuta utaonekana umeanguka, wageni wa heshima watakuja ufunguzi, na picha zikiwa chini zitaguswa. Nikamwambia, dada yangu, hizi picha zilichorewa mtu wa miaka sita, yeye ndiye mgeni wa heshima. Tukaweka katikati ya picha kwenye sentimita 105, zote, kwa pimamaji, na tukaazima vile viti vidogo vya nasari tukavisambaza ili watu wazima wakae. Na jambo ambalo sikulitarajia, watu wazima waliokaa kwenye vile viti hawakuondoka haraka. Mtu akisimama mbele ya picha anaangalia kidogo na kuhama, lakini akishakaa chini, magoti juu, anaanza kusoma, na akianza kusoma anasoma mpaka mwisho. Wazee wengine walikuwa wanasoma kwa sauti bila kujua wanasoma kwa sauti.

Kwa upande wa fremu nitasema kwa kifupi lakini mshike sana, kwa sababu hapa ndipo kazi za karatasi zinafia. Nilienda kwa fundi wa fremu huko Ngara ambaye mkono wake naujua. Fundi yeyote asiyezoea kazi za karatasi atabana kioo moja kwa moja juu ya mchoro, na mkitoka hapo ukaingia msimu wa masika, unyevu unajikusanya nyuma ya kioo, rangi ya maji inashikana nacho na siku ya kutoa inabanduka. Kwa hivyo lazima kuwe na ile kadi nene yenye dirisha, mafundi wengi wanaiita maunti, inayokiinua kioo kisiguse. Iwe ile isiyo na asidi, la sivyo baada ya miaka unaona ukingo wa mchoro umegeuka rangi ya chai. Na usibandike mchoro kwa selotepu hata kidogo, wala ile tepu ya mafundi rangi, zinaoza na kuacha alama isiyotoka. Tunatumia vipande viwili vya karatasi nyembamba upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, ambayo ukiilowesha kidogo inaachia, na karatasi inabaki inaning'inia huru ikiweza kupumua na kujikunja na hali ya hewa. Fundi wangu alikuwa na mashaka na hiyo gundi ya jikoni. Tukajaribu kwenye karatasi ya bure, tukaiacha siku kadhaa na kipande cha mbao kikining'inia chini yake. Ilishika. Akaniuliza inapikwaje.

Mwanga pia. Leso ya nyanya kwenye kitabu ni pinki ile kali kabisa, na pinki nyingi za aina hiyo ni rangi zisizovumilia mwanga, zinapauka kabla ya nyingine zote, unabaki na leso ya kijivu. Mwanga unapimwa kwa laksi, na makumbusho mengi duniani yanashikilia kama 50 kwa kazi za karatasi, wakati jua la saa sita mchana huku kwetu linapita 50,000. Galari ilikuwa na madirisha makubwa mazuri upande wa magharibi. Tukayafunika. Wanafunzi walinung'unika kwamba chumba kimekuwa na giza, lakini macho yakizoea kwa dakika chache unaona kila kitu, na enyewe kile kigiza kilifanya watoto washushe sauti bila kuambiwa. Ukiwa unachora leo na unajua picha itaishi, angalia kwenye chupa ama tyubu, watengenezaji wazuri wanaandika uvumilivu wa rangi kwa mwanga, usinunue pinki kwa urembo wake pekee.

Picha mbili za kitabu nilizichora kwa tableti, hazina karatasi halisi popote. Kuna waliosema nisiziweke. Nikaziweka, nikazichapisha kwenye karatasi nzuri ya pamba, na lebo ikasema wazi hii imechorwa kwa tableti na hii ni chapa. Usimdanganye mtu. Na ujue rangi za kioo cha kompyuta zinatokana na mwanga na za chapa zinatokana na wino, ile kijani inayowaka kwenye tableti hakuna wino wa kawaida utakaoifikia, kwa hivyo omba chapa ya majaribio mapema, si wiki ya ufunguzi.

Sasa nije kwa jambo ambalo wachoraji wengi hapa kwetu hawalijui mpaka limeshawaumiza. Kabla ya msumari wowote kuingia ukutani niliandika barua kwa mchapishaji wangu. Wanafunzi wakashangaa, si picha ni zako? Karatasi ni yangu. Haki ya kunakili ni kitu kingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Soma hapo tena. Ukinyamaza, umeshahamisha. Na ulinzi wa hakimiliki unaendelea miaka 50 baada ya mwandishi ama mchoraji kufa, kwa hivyo sahihi unayoweka leo na kalamu ya kuazima inawahusu mpaka wajukuu wako. Mkataba wangu wa hiki kitabu ulikuwa na kifungu kwamba michoro halisi inarudi kwangu na naweza kuionyesha na kuuza chapa za idadi maalum, kwa hivyo barua ilikuwa ya adabu tu na walijibu vizuri, wakaleta hata nakala za kuuza. Lakini nilidai hicho kifungu kwa sababu ya maumivu ya zamani. Kuna mchapishaji mmoja, kitambo, ambaye michoro ya kitabu kizima haikuwahi kunirudia. Kila nikienda naambiwa iko stoo, mara ofisi imehama, mara yule aliyeshika faili ameacha kazi. Ilikuwa kazi ya karibu mwaka mzima na kuna kurasa humo za mama yangu akiwa anasonga ugali, nilimchora akiwa hai. Sitaziona tena. Kwa hivyo kijana, kabla hujakabidhi kitu, andika nani ana karatasi, nani ana haki, zinarudi lini, na nani analipa zikipotea. Ukiweza, peleka skani nzuri na karatasi zibaki nyumbani.

Katikati ya muhula nilitoa wanafunzi nje, manake huwezi kujifunza kupanga picha ukiwa umekaa chumba kimoja. Tulienda Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 ambapo zamani watu wa Nairobi waliandikisha ndoa na vizazi na vifo, na ndipo pia umbali wa barabara ulipoanzia kupimwa. Huko kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966. Nilitaka waone venye nyumba yenye vyumba vidogo vidogo inakuongoza kutoka kitu kimoja hadi kingine, kila mlango unakuonyesha kidogo tu cha mbele. Alafu tukapita maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa 1931, ambayo kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Tulisimama pale kwenye ngazi kati ya simba wa mawe tukaongea juu ya nani anaalikwa kwenye nyumba ya vitabu na nani anaachwa nje, na hayo mazungumzo ndiyo yalimaliza ubishi wa sentimita 105, kwa sababu yule dada wa galari tulikuwa naye.

Lakini galari ya kwanza ya mtoto wa Nairobi haina jengo. Ni matatu. Mtoto wa Eastlands, ile mitaa ya mashariki mwa jiji, amekua akiona sura za wachezaji na wanamuziki zimepuliziwa rangi ubavuni mwa gari, herufi zenye vivuli, taa za zambarau, anajua nani amechora vizuri na nani amebahatisha. Watoto wa shule moja ya msingi walipokuja, wale wa gredi ya pili na ya tatu, nilijua ndio watahiniwa wangu wakali. Kabla hata hawajasoma neno wakakimbilia ile picha ya gari. Mmoja akaniambia, "Tichaa, hii si nganya, hii ni ile ya wazee." Nganya ni ile matatu ya michoro mikali na muziki wa juu. Nikamwambia ni kweli, ni ya zamani kidogo, nyanya hapendi muziki wa juu. Akafikiria. Akasema, "Basi ni sawa." Alafu akawageukia wenzake akawaelezea kwa nini gari halina taa za chini, kwa uhakika kabisa, kama yeye ndiye alichora.

Mahali walipokaa zaidi si kwenye picha zilizokamilika. Ilikuwa ni meza na ukuta wa nyuma. Pale tuliweka safari nzima ya kitabu, vichoro vidogo vya penseli vya ukubwa wa stempu, kurasa zote 32 kwenye karatasi moja, dami, barua za mhariri zikisema nyanya aonekane mchangamfu zaidi, na majogoo. Nilikuwa nimechora majogoo mengi sana kwenye soko la Burma kabla sijampata huyu mmoja, wengine wanene, wengine wanatisha, mmoja anafanana na afisa wa kaunti. Watoto walipiga kura ya jogoo wao kwa kidole, na wengi hawakumchagua aliyeingia kitabuni, walitaka mwembamba mmoja mwenye shingo ndefu, na walinieleza sababu zao. Msichana mmoja akaniuliza kwa nini nilimfuta. Nikamwambia mwembamba hawezi kujaza dashibodi, nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa ukurasa. Akachukua penseli pale mezani akamchora na mabawa yamefunguka, akajaza karatasi yote, akaniwekea mbele yangu bila kusema kitu. Alikuwa sahihi. Ile karatasi ninayo, na jina lake liko nyuma kwa mwandiko wake.

Kwenye meza hiyo kila kitu kiliguswa, zilikuwa nakala za fotokopi na dami za kuchezea. Kama unawaambia watoto wasiguse ukutani, wape kitu cha kugusa hapo hapo karibu. Tulikuwa na dami tupu za kurasa nane, karatasi moja imekunjwa na kukatwa mpasuo katikati, na walitoka wengi na vitabu vyao wenyewe mfukoni. Hakuna fremu hata moja iliyoguswa vibaya siku hiyo, na walikuwa darasa mbili nzima.

Biashara nayo, manake mnaniuliza inbox. Michoro halisi sikuuza. Kitabu kikitawanywa nyumba tofauti hakirudi kuwa kitabu tena, na bado nataka kiende mahali. Niliuza chapa, zenye sahihi ya penseli na namba chini, ile ya 1/50, na nikishasema 50 ni 50, siongezi hata mtu akija na pesa ya kunishawishi. Galari za biashara kwa kawaida huchukua kati ya asilimia 30 na 50 ya mauzo, ya chuo ilichukua kidogo kuliko hapo, lakini yote iliandikwa kabla ya ufunguzi, pamoja na nani analipa fremu na nani analipa gari la kubeba. Msione aibu kuuliza hayo. Anayekualika kwa nia njema hatakasirika.

Saa hii picha ziko kwa boksi zimefungwa vizuri zinasubiri kwenda maktaba moja ya mtaa huku Eastlands, ambapo watoto hawahitaji basi la shule kufika, wanakuja kwa miguu wakitoka darasani. Tumeshaenda kupima. Ukuta ni wa zege na nusu ya chini imepakwa ile rangi ya mafuta ya kijani kama ya madarasa, kwa hivyo mzee wa mabango amesema ataandika kwa nyeupe, na ameomba aanze na kokoikooo kabla ya kitu kingine chochote ili ajue nafasi itamtosha. Nguzo huko hakuna. Ile picha ya jogoo kwenye dashibodi tutaifunika na pazia la leso ya pinki, kamba ya kuvutia iko sentimita 90 kutoka chini, na watoto watalivuta wenyewe.